Ada ya maombi isiwachuje watoto wetu kabla ya alama zao

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB, akafaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na akataka kuwa daktari wa binadamu hapa Tanzania, hana mlango mmoja wa kubisha hodi. Muhimbili ina mfumo wake wa maombi, Dodoma wake, Bugando wake, KCMC wake, Kairuki wake, Mtakatifu Fransisko kule Ifakara wake. Kila mfumo una fomu yake na neno la siri lake, na mara nyingi ada yake, ambayo hairudi hata kama jina la mwombaji halikutokea kwenye orodha. Vyuo vingi vya umma hutoza shilingi 10,000. Kwa anayesoma gazeti hili akiwa na mshahara mjini, hiyo si hela ya kukosesha usingizi. Kwa mkulima wa Rangwi mwenye mtoto mmoja wa kuombewa vyuo vitano, tayari ni 50,000, na hapo hatujafika Bodi ya Mikopo.

Nilifundisha Baiolojia sekondari mpaka nilipostaafu, na sasa nina duka la steshenari hapa Rangwi. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na kila Julai meza yangu hujaa vijana wanaoomba vyuo. Nalipwa kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu naiona fedha inavyotoka mikononi mwa watu, noti kwa noti, na ndiyo sababu nasema wazi kwamba utaratibu huu unawachuja watoto wa maskini kabla alama zao hazijasomwa na mtu yeyote.

Kwa asiyepajua, Rangwi iko juu milimani, kaskazini ya mji wa Lushoto. Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae hupita hapa na kulala kwa masista wa misheni. Sisi wenyeji tunalima viazi, kabichi, karoti na maharage, na mboga zetu hupakiwa Lukozi usiku ili asubuhi ziwe sokoni Dar es Salaam. Bei anaijua dalali. Julai ni mwezi mbaya kwa mfuko wa mkulima wa huku, kwa sababu viazi vya masika vinaingia sokoni kwa pamoja na bei inaporomoka. Na Julai hiyohiyo ndipo matokeo ya kidato cha sita hutoka na madirisha ya udahili yakafunguliwa. Mwenye gunia la viazi analiuza kwa bei yoyote anayotajiwa, maana dirisha halimsubiri.

Miaka michache iliyopita alikuja baba mmoja na binti yake. Binti alikuwa na alama nzuri, si za kung'ara kitaifa, lakini za kutosha kabisa kwa udaktari katika chuo kisicho na msongamano mkubwa. Baba alitoa fedha kutoka kwenye kitambaa alichokifunga mara mbili, akazipanga juu ya meza yangu kwa kuzinyoosha kwa kiganja, kubwa chini, ndogo juu. Nikamwonyesha kwenye kompyuta orodha ya vyuo tuliyoiandaa na binti.

"Mwalimu, ina maana kila chuo nakilipia peke yake?"

"Ndiyo, baba."

"Na wakimkataa?"

"Hela hairudi."

Akazitazama zile noti muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake, akamwambia kwa Kisambaa achague viwili. Binti hakubisha. Alichagua viwili ambavyo kila mtu anavijua kwa jina, na ndivyo vyenye ushindani mkali kuliko vyote. Hakupata. Awamu ya pili ilipofunguliwa, fedha ya baba ilikuwa imeshaingia shambani kwenye mbegu na mbolea. Leo binti huyo anasoma ualimu wa sayansi na naamini atakuwa mwalimu mzuri sana. Lakini alama zake zilimruhusu udaktari. Kilichomzuia ni orodha ya vyuo iliyokatwa juu ya meza yangu kwa sababu ya shilingi 30,000.

Nimetaja Bodi ya Mikopo. Maombi ya mkopo nayo yana ada yake, shilingi 30,000, na hakuna mtoto wa mkulima atakayesoma udaktari miaka mitano bila mkopo, kwa hiyo hilo halina hiari. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, na cheti cha kifo vilevile. Fomu ipitie kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa wakili au hakimu agonge muhuri. Kiongozi wa kijiji tunaye hapa, lakini kwa wakili ni safari ya Lushoto mjini, na mara nyingi mtoto hawezi kwenda peke yake kwa kuwa mdhamini naye anatakiwa kuweka sahihi. Nauli za watu wawili, kwenda na kurudi. Wakifika wakaambiwa picha ya mdhamini ina kivuli, safari hiyo inarudiwa. Ongeza bando, kuskani, kopi. Ukijumlisha ada za vyuo vitano na ya Bodi peke yake umefika 80,000, na bado hujapanda gari.

Kuna jambo ambalo watu wa mjini hulisahau, nalo ni Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yarejeshwe mwaka 2013, vijana wengi wakimaliza mitihani ya Mei huripoti makambini. Wa kwetu hupelekwa popote nchini, na wakibahatika huangukia Mgambo kule Handeni au Maramba kule Mkinga, ambako angalau ni mkoa huuhuu wa Tanga. Kambini hakai na simu mkononi. Kwa hiyo anayekuja dukani kwangu kuomba udaktari mara nyingi si mwombaji. Ni mama yake, ana karatasi yenye namba ya mtihani iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, na hajui mwanawe alitaka chuo gani kwanza. Tunakisia. Nimeshamjazia fomu mtoto ambaye mama yake aliniapia kuwa anataka ufamasia, akarudi kutoka jeshini akilia.

Na ile namba ya simu! Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyoandikwa kwenye maombi. Simu hiyo ni ya baba, na baba yuko bondeni anamwagilia, ambako mtandao haufiki, na betri imeisha. Siku za kuthibitisha zinahesabika. Nimeshamtuma kijana wa bodaboda kumfuata mzee shambani ili tu aniletee simu.

Sasa tujiulize ada hii inalipia nini. Zamani, wakati barua zilipofunguliwa kwa mkono na karani akakaa na vyeti akilinganisha alama, ningeelewa. Siku hizi mwombaji anaandika namba yake ya mtihani na mfumo unachota matokeo yake Baraza la Mitihani papo hapo. Mimi nikikosea tarakimu moja, jina la mtoto wa watu wengine linatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kompyuta ndiyo inayojua nani ana sifa na nani hana, na kompyuta ndiyo inayowapanga kwa alama. Sikatai kwamba mfumo una gharama ya kuutunza, seva zinunuliwe na mafundi walipwe. Ninachokataa ni gharama ya kazi ileile, ya kusoma alama zilezile tatu za mtoto yuleyule, kulipwa mara tano na mtu asiyeweza kulipa mara mbili.

Na hatuanzi sifuri. Kati ya mwaka 2010 na 2016 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliendesha udahili wa pamoja. Mwombaji alijaza fomu moja, akapanga chaguo zake, na Tume ikampangia. Nilikuwa bado darasani wakati huo na nakumbuka malalamiko yake: watoto walipangiwa kozi wasizozitaka, na vyuo vililalamika kwamba vinaletewa wanafunzi ambao havikuwachagua. Mwaka 2017 mfumo ule ukaachwa na maombi yakarudishwa kwa vyuo. Malalamiko yalikuwa na haki yake. Lakini tulipoutupa mfumo tulitupa vitu viwili kwa pamoja, Tume kuwachagulia vyuo wanafunzi, ambalo lilikuwa baya, na fomu moja, ambayo ilikuwa nzuri. Inawezekana kabisa fomu ikawa moja na ada moja, halafu kila chuo kikachukua orodha ya waliokitaja na kuchagua chenyewe kwa vigezo vyake. Uhuru wa chuo hauondoki hata kidogo.

Kuna faida nyingine ambayo sijasikia wakubwa wakiizungumza. Huu usumbufu wa namba za kuthibitishia umezaliwa na utitiri wa maombi. Mtoto mwenye alama za juu anachaguliwa vyuo vitatu, anashikilia nafasi tatu, na mpaka athibitishe kimoja, wenzake wawili wako nyumbani wanasubiri awamu ya pili au ya tatu. Kwa fomu moja yenye chaguo zilizopangwa kwa mfuatano, chuo cha kwanza kikishamchukua, vingine vinamwachia pale pale.

Ninachokishangaa zaidi ni hiki. Kijana wa kidato cha nne anayetaka kusoma stashahada ya utabibu, awe afisa tabibu, huomba kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kwa vyuo vya afya. Yaani katika nchi hii hii, katika fani hii hii ya kutibu watu, anayeomba kuwa afisa tabibu ana mlango mmoja, na anayeomba kuwa daktari ana milango kumi. Kama jambo linawezekana kwa vyuo vya kati, ambavyo ni vingi kuliko vya shahada, basi linawezekana kwa vyuo vikuu vichache vinavyofundisha udaktari.

Majirani wanafanya. Kenya wanafunzi waliomaliza kidato cha nne hupanga chaguo zao za vyuo vikuu kwa mfumo mmoja wa KUCCPS. Uingereza mwombaji wa udaktari haruhusiwi kutaja zaidi ya vyuo vinne, na vyote vinne hutajwa kwenye fomu moja ya UCAS kwa ada moja. Kwa wanaoanza masomo kuanzia mwaka 2025, UCAS imewafutia ada hata hiyo moja wanafunzi waliokuwa wakipewa chakula cha bure shuleni kwa sababu ya hali za familia zao. Marekani, ambako kila chuo cha udaktari kinalipiwa chake kama kwetu, jumuiya ya vyuo hivyo, AAMC, ina mpango wa kuwasamehe waombaji wenye kipato kidogo. Nchi tajiri zimekubali kwamba ada ya maombi inaweza kumzuia mtoto mwenye akili. Sisi, tulio maskini zaidi, tunamtoza kila mtu sawa.

Wala serikali yetu haiwezi kusema haijui maskini ni nani. Inawajua kwa majina. Kaya zilizo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ziko kwenye rejista, na Bodi ya Mikopo huwauliza waombaji kama kaya zao zimo. Basi taarifa hiyohiyo itumike mapema kidogo, kwenye maombi ya chuo. Mtoto wa kaya ya TASAF aandike namba ya kaya, mfumo uithibitishe, ada ifutike. Ni ajabu kumpima mtu umaskini wake ili umkopeshe ada ya chuo, baada ya kumtoza fedha ya kuomba hicho chuo bila kumpima.

Serikali hii imeshafanya makubwa kuliko hili. Mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba sasa wanafika kidato cha sita wakiwa na PCB yao mkononi. Nimewafundisha. Wamesomeshwa na taifa miaka sita ya sekondari bila ada, na wanapofika kwenye kizingiti cha chuo, taifa lilelile linawadai 10,000 kwa kila mlango. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo wapatao 12. Mwaka 1963 tukafungua shule ya udaktari Dar es Salaam, ile iliyokuja kuwa Muhimbili ya leo. Wanafunzi wa mwanzo wa shule ile hawakuulizwa hela. Uchangiaji wa gharama ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005. Sisemi turudi kule, maana wanafunzi sasa ni wengi mno. Nasema ada ya kuomba tu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika gharama ya kumsomesha daktari, na ndiyo sehemu ambayo mkulima anailipa taslimu, kwa pupa, bila mkopo wa Bodi.

Na inatuhusu sisi wa milimani kuliko wengi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alilazwa mjini akiwa na zaidi ya miaka themanini. Kiswahili alikijua cha kuuzia maharage. Daktari, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali, alimuuliza maumivu yanaanzia wapi, na mama akajibu kwa Kisambaa kwa kirefu, kwa mikono miwili, akieleza jinsi yanavyotembea. Nilimtafsiria. Siku ya pili nilichelewa kufika, na nilipomkuta alikuwa ameitikia "ndiyo" kwa kila alichoulizwa, kwa heshima. Sidai kila mgonjwa atibiwe na mtu wa kabila lake. Lakini hospitali ya wilaya ya Lushoto, au Bumbuli, ikiwa na daktari mmoja aliyekulia Rangwi au Mtae au Mlola, bibi wengi watasikika.

Hayo ni ya wakubwa kuamua. Julai haisubiri, kwa hiyo niwaambie wazazi wenzangu ninachowaambia dukani, maana fedha nyingi inapotea kwa kutojua.

Cheti cha kuzaliwa kisingoje matokeo. Mtoto akiingia kidato cha tano, kifuatwe, kisomwe herufi kwa herufi, majina yalingane na ya cheti cha kidato cha nne. Jina lililoandikwa Shekifu huku na Shekivu kule litawagharimu zaidi ya ada ya vyuo vyote. Akitimiza miaka 18 aandikishwe NIDA na asajili laini yake mwenyewe, na laini hiyo ndiyo iandikwe kwenye maombi. Akienda jeshini laini ibaki nyumbani kwa mtu mmoja anayejua kusoma ujumbe. Na kabla hajapanda gari la kwenda kambini aandike kwa mkono wake vyuo na kozi anazozitaka, kwa mfuatano, mama asije kukisia.

Uchaguzi wa vyuo ndio unaookoa hela kuliko kitu kingine chochote. Sifa ya chini ya kuomba udaktari ni D tatu, yaani pointi sita, na watoto wengi wakiona wana sita au saba wanakimbilia vyuo vikubwa vya Dar es Salaam. Sifa ya chini ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi wanapewa wenye alama za juu, na katika vyuo vinavyogombewa wanaoingia huwa na A na B. Mwenye D tatu akilipia chuo cha namna hiyo amekichangia chuo. Mwongozo wa udahili wa TCU upo mtandaoni bure, unaonyesha kila chuo kina nafasi ngapi na kinataka nini, nami nauchapisha na kuubandika ukutani. Nawaambia: chuo kimoja cha ndoto, viwili vinavyolingana na alama zako, basi. Na ndani ya chuo kimoja, kwa ada ileile, unaruhusiwa kutaja kozi kadhaa. Baada ya udaktari andika ufamasia, uuguzi, maabara. Kuna watoto huandika udaktari peke yake, nafasi nyingine wakaziacha wazi, kama vile wameambiwa zinalipiwa.

Hapa vyuo navyo vina wajibu. Chuo kinajua mtu wa mwisho kuingia udaktari mwaka jana alikuwa na pointi ngapi. Namba hiyo ingewekwa juu kabisa ya ukurasa wa maombi, kabla ya sehemu ya malipo, baba yule wa kitambaa angejua pa kupeleka shilingi zake. Kutoza ada huku umeificha namba hiyo si haki.

Kuhusu mawakala sitasema mengi. Wanaokuja na vipeperushi vya vyuo vya ng'ambo na kudai ada ya kushughulikia kabla mtoto hajaona hata barua, wapiteni. TCU yenyewe hurudia kila mwaka kwamba maombi yapelekwe chuoni moja kwa moja. Na kijana aliyekosa mwaka huu asione dunia imekwisha. Stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na akimaliza na GPA ya 3.0 huku masomo yake yanayotakiwa ya kidato cha nne yakiwa sawa, mlango wa shahada ya udaktari uko wazi kwake. Ni njia ndefu, lakini atakuwa ameshajua kumshika mgonjwa.

Fedha yenyewe tumeitafutia njia. Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kimetenga mfuko wa Julai. Mama mwenye mtoto wa kidato cha sita anakopeshwa ada ya vyuo vitatu na ya Bodi, fedha inalipwa moja kwa moja kwa namba ya malipo bila kupita mkononi, na anarejesha Januari, mapichesi na plamsi zikishauzwa. Viazi havilazimiki kutupwa kwa dalali. Mabishano ya kuanzisha mfuko huo yalikuwa makali, kwa sababu wengine waliuliza kwa nini mwenye watoto wadogo amkopeshe mwenye mtoto mkubwa. Mama mmoja, mchuuzi wa kabichi ambaye hakuwahi kukaa darasani, akawajibu kwamba harusi tunachangia kwa kadi na vikao hata kwa watu tusiowajua. Hoja ikapita.

Lakini kikundi cha akina mama wa Rangwi hakiwezi kuwa sera ya nchi. Naiomba TCU ianze na shahada moja tu, ya udaktari wa binadamu, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Vyuo vinavyoifundisha ni vichache, viongozi wake wanafahamiana. Wakubaliane fomu moja yenye chaguo zilizopangwa, ada moja wagawane kwa idadi ya waombaji, kaya za TASAF zisamehewe, na kila chuo kichague wanafunzi wake chenyewe. Mwaka ukiisha wahesabu walioomba udaktari kutoka wilaya kama Lushoto, waweke na hesabu ya mwaka uliotangulia pembeni, kisha namba zote mbili wazitangaze.